Panetari ya Bibi wa Duka

Mwaka jana nilirudi Arua kwa harusi ya binti wa binamu yangu. Kabla sijatua hata mkoba, msichana wa kamati akanishika mkono na kunionyesha kipande cha kitambaa: mashangazi wote watashona rangi ya pichi, wajomba watafunga tai za kijani. Nikamuuliza, pichi maana yake nini? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maana ya kijiko. "Haina maana, shangazi. Inatoka vizuri tu kwenye picha."

Nilikasirika, rafiki yangu, na hasira yenyewe ilinishangaza. Mimi si mtetezi wa mila. Utoto wangu wote nilisumbuliwa na rangi: nyeupe usivae hapa, nyeusi usilete pale, nyekundu ni ya huyu si ya yule. Niliapa kwamba nikikua nitavaa gunia. Sasa nimekua, ninaambiwa rangi haina maana, na mkono unaniwasha kumpiga mtu kofi. Kaa nikusimulie, labda wewe utanielewa kuliko mimi ninavyojielewa.

Bibi yangu mzaa baba, ambaye sisi watoto wa Koboko tulimwita haboba, alikuwa na ng'ombe wanne na sifa ya samli. Kila wiki, kabla mimi sijazaliwa, alibeba kibuyu cha samli mpaka senta ya biashara, kwenye duka la Wahindu waliouza vitambaa, chumvi na mafuta ya taa. Mwenye duka alikuwa mwanamume, lakini samli ilinunuliwa na mkewe, na huyo ndiye tuliyemwita bibi wa duka. Kwao samli haikuwa ya chapati tu. Ilikuwa ya taa ya sala na ya kulisha moto wa harusi, kwa hiyo aliinusa kama daktari anayepima mgonjwa. Siku haboba aliporudishiwa kibuyu chake kwa sababu samli ilinuka moshi, walitukanana vizuri sana, na kuanzia hapo wakawa marafiki.

Walizungumza ile lugha yetu ya Kiswahili ya West Nile, Uganda, ya kambini na sokoni, ambayo mwalimu wa pwani akiisikia anashika kichwa. Iliwatosha. Kwa lugha hiyo bibi wa duka alimfundisha haboba rangi zote za harusi yao. Nyekundu ni ya mke, ni uhai na neema ya nyumba. Manjano ni ya kumsugua bibi harusi na bwana harusi ili wang'ae na wapate baraka. Kijani ni shamba linaloota, ni watoto. Nyeusi ikae mbali. Na nyeupe tupu ni ya mjane, mtu ambaye rangi zake zimekwenda na mumewe.

Kisha kulikuwa na ile nguo. Kila mwaka mvua zikiisha, bibi wa duka alitoa sanduku dogo la bati lenye picha ya tausi kifunikoni, akamwita haboba amshikie upande wa pili wa hariri ndefu, nyeupe, yenye pindo pana jekundu na vidoti vyekundu vidogo kama punje za mtama. Wao huiita panetari. Binti huivaa siku ya ndoa, kama yeye alivyoivaa hiyo, na anayeileta ni mjomba wake, kaka wa mama. Hapo haboba hakuhitaji mkalimani. Hata kwetu, mjomba akinuna harusi hailali wala haiamki.

Kisha likatoka tangazo la kuwafukuza Wahindi nchini. Haboba alisimulia habari hii mara nyingi mno, na kila mara kwa maneno yaleyale. Bibi wa duka alikuja nyumbani kwetu kwa miguu, peke yake, amevaa sari ya kijani na bangili mpaka kwenye viwiko, amekumbatia lile sanduku. Barabarani askari walikuwa wanapekua mizigo.

"Shikia mimi hii," alisema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka mimi narudi."

Haboba akajibu, "Nashika."

Neno hilo moja ndilo lililoniharibia utoto.

Nilikuwa na miaka saba ile serikali iliyowafukuza Wahindi ilipoanguka. Baba yangu alikuwa askari, kama baba za nusu ya watoto wa Koboko, na hakurudi. Asubuhi moja tulisikia risasi upande wa barabara ya Arua, na kufikia saa sita mji wote ulikuwa unatembea kupitia Kuluba kwenda Sudani. Haboba aliacha jiwe la kusagia. Aliacha sufuria kubwa, mbuzi, godoro, na kibuyu kilichojaa samli ya wiki nzima. Mama alikuwa na mdogo wangu mgongoni na furushi la unga kichwani. Mimi haboba akanitwika sanduku la tausi.

Nililibeba bila kulalamika mpaka jioni kwa sababu nilijua ndani kuna chakula. Sanduku zuri kiasi kile, ambalo mtu mzima analichagua akaacha mbuzi, lingekuwa na nini kingine? Tulipopumzika chini ya miti nikalifungua kwa siri. Nilipoona kitambaa nililia kwa hasira mpaka mama akadhani nimeumwa na nyoka. Haboba alifunga kifuniko, akakifuta vumbi kwa kanga yake, akasema, "Amana ni kama moto, unaushika kwa mikono miwili." Mikono miwili ya nani? Yangu! Kesho yake nikatwishwa tena.

Kambini, upande wa Yei, tuliishi kwenye kibanda cha nyasi, na kila mwezi, kama vile hakukuwa na vita wala njaa, haboba alitoa ile nguo kuianika. Nilitakiwa kushika upande wa pili, juu, isiguse chini. Mimi mwenyewe nilikuwa na gauni moja lililopasuka mgongoni, nikitembea nimeegemea vibanda vya watu ili wavulana wasione. Nilimwomba anikatie gauni. Nikamwonyesha kwa vidole jinsi nguo ilivyo ndefu, jinsi mwenyewe asivyoweza kujua. "Yeye hatajua," akasema haboba, "na mimi je?" Wanawake wa vibanda vya jirani walimcheka: mama huyu iko na hariri, chumvi hana. Mfanyabiashara mmoja alitaka kumpa gunia zima la mtama. Gunia! Haboba akamwambia nguo si yake. Niliomba dua usiku ule panya waingie ndani ya lile sanduku.

Msimu wa kwanza wa mvua ukaja na surua. Mdogo wangu alikuwa na miezi tisa na meno mawili. Aliugua siku tano. Mama naye alikuwa na homa, hata kukaa hawezi, kwa hiyo mtoto alipofariki ni haboba aliyemwosha. Tatizo likawa sanda. Kila nguo tuliyokuwa nayo tulikuwa tumeivaa, na imechakaa. Haboba alizunguka vibandani kuomba kipande cheupe, akarudi mikono mitupu, si kwa ubaya wa watu; wao pia walikuwa wamezika wiki ile. Akakaa kidogo. Kisha akavuta sanduku, akatoa wembe, na akakata katikati ya panetari, pale palipokuwa peupe bila vidoti, kipande cha kumtosha mtoto.

Nikuambie ukweli ambao mama yangu alikufa bila kuujua. Nilipoona wembe unaingia kwenye ile nguo, kabla sijakumbuka kulia, nilifurahi. Nilidhani kwa kuwa imeshaharibika, kilichobaki kitashonwa gauni langu.

Mwalimu wa madrasa, mkimbizi kama sisi, alikuja kumswalia. Akakishika kitambaa, akakunja uso, akasema hariri haifai kwa mwanamume. Mwanamume! Haboba akamwambia, "Haya, mwalimu. Vua kanzu." Mwalimu, ambaye kanzu ile ndiyo ilikuwa yake ya pekee, akanyanyua mikono, akaanza swala.

Jioni haboba alikunja kingo za lile tundu, akazipinda kwa sindano ili zisiendelee kufumuka, akairudisha panetari sandukuni. Gauni sikupata.

Tulirudi Koboko baada ya vita vya Sudani kutufukuza kutoka kule kama vita vyetu vilivyotufukuza huku. Nyumba ilikuwa kuta tu. Tukaanza upya, na sanduku likawa chini ya kitanda kipya cha haboba, na mimi nikawa msichana wa shule, tena mkubwa kuliko darasa lake. Nilikuwa na miaka kumi na saba wakati dereva wa lori alipoleta habari: Wahindi wameanza kurudi. Yule bibi wa duka iko Arua, na mtoto wake wa kiume amefungua duka la vitambaa. Mzee mwenye duka alikufia Uingereza. Na mjukuu wa kike anaolewa baada ya wiki mbili.

Haboba hakulala vizuri tena. Nilimsikia akitoa sanduku na kulirudisha. Nilimwambia, haboba, iache, hawajui kama ipo, wewe mwenyewe umesema mzigo wao wote ulipotea. Akanijibu kwa ukali kwamba nguo ya mjukuu wa mtu haiwezi kukaa chini ya kitanda cha mtu mwingine wakati harusi inafanyika. "Nitaipeleka na tundu lake," alisema, "na mdomo wangu."

Tulipanda lori la tumbaku, juu ya marobota, na vumbi la barabara ya Arua likatupaka rangi moja wote. Tuliposhuka nilioga kwa jirani mmoja wa zamani, nikavaa gauni langu la Idi, jeupe, jipya, la kwanza maishani mwangu ambalo halikuwahi kuvaliwa na mtu mwingine. Nilijiona malaika.

Mlango ulifunguliwa na mama wa bibi harusi, mke wa yule mtoto wa kiume. Alikuwa amelelewa Jinja utotoni, kisha Uingereza, na Kiswahili kilikuwa kimemtoka vipande vipande. Hakutusalimu. Alinitazama gauni, akapiga ukelele.

"Nyeupe hapana! Nyumba ya harusi, nyeupe hapana!"

Haboba alijaribu kueleza kwamba mimi si mjane, ni mwanafunzi. Haikusaidia. Niliingizwa stoo, nikavuliwa gauni la Idi, nikavishwa blauzi ndefu ya manjano iliyonibana makwapani na suruali ya kufunga kwa kamba. Skafu yangu nayo ilikuwa nyeusi. Ikatupwa juu ya kabati kama panya aliyekufa. Halafu, nikiwa bado na hasira, akapita mtu na sinia la vito, na kati ya dhahabu nikaona mkufu wa shanga nyeusi. Nikauliza huo ni wa nani. Wa bibi harusi, nikaambiwa, ndio mkufu wa ndoa wenyewe, shanga nyeusi zinafukuza jicho baya. Nikasema, kumbe nyeusi inafaa! Mama wa bibi harusi akanijibu hiyo ni nyeusi nyingine.

Nyeusi nyingine. Nyumba nzima ilikuwa hivyo.

Bibi wa duka hakuwa sebuleni pamoja na wanawake waliokuwa wakipakwa hina. Alikuwa chumba cha nyuma, karibu na magunia ya mchele, ameketi kitandani amevaa sari nyeupe isiyo na hata uzi wa rangi, mikono mitupu bila bangili. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria. Kwa hadithi za haboba nilitegemea jitu. Haboba akasimama mlangoni. Walitazamana mpaka nikaona aibu.

"Wewe umezeeka," alisema bibi wa duka.

"Na wewe iko nyeupe," alisema haboba.

Kisha wakashikana, wakalia, wakacheka, na mimi nikabaki nimesimama na sanduku kama kawaida yangu.

Haboba hakungoja chai. Aliliweka sanduku kitandani, akalifungua mwenyewe, akaitandaza panetari mpaka tundu likaonekana, kubwa, mraba, la kupita mtu na mabega yake. "Nimekata," alisema. "Kule Sudani mtoto wetu alikufa. Sanda haikuwa. Nimekata nguo ya wewe, sikuuliza. Leo nimekuja uniambie neno lako."

Bibi wa duka alipitisha vidole kwenye kingo za tundu, kwenye ule mshono, taratibu, pande zote nne. Nilijiandaa kwa kelele. Aliinua uso akaniangalia mimi, si haboba.

"Ndugu yako?"

"Ndiyo, bibi."

"Jina yake nani?"

Sikuwa nimelitamka tangu siku ile. Nyumbani hatukulitaja mbele ya mama, na baadaye tukazoea kutolitaja kabisa. Nikamwambia. Alilirudia akakosea mwanzo wake, nikamsahihisha, akalirudia tena mpaka likakaa sawa mdomoni mwake. Basi nikalia, kwa ajili ya mdogo wangu na kwa ajili ya lile gauni nililolitamani, na sikumwambia mtu sababu ya pili.

"Nyeupe ni kazi yake hiyo," bibi wa duka alimwambia haboba. "Nguo imefanya kazi mbili. Mimi sina neno."

Tungeishia hapo tungekula, tukarudi Koboko na amani. Lakini mama wa bibi harusi alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akaanza kwa lugha yao, akachanganya na Kiingereza, akamalizia kwa Kiswahili ili nasi tupate sehemu yetu. Nguo ya mjane! Tena nguo iliyoingia kaburini! Ndani ya nyumba yenye bibi harusi aliyekwisha kupakwa manjano! Itolewe leo hii. Mjomba yuko njiani kutoka Kampala na panetari mpya, safi. Hii ichomwe.

Haboba alianza kuikunja nguo ili airudishe Koboko. Bibi wa duka akaweka mkono juu yake. "Hii iko ya mimi," alisema. "Hakuna mutu anachoma." Akaisukuma chini ya mto wake, akalala juu yake kama kuku anayeatamia.

Siku mbili zilizofuata sitazisahau kwa uchovu. Jirani mmoja Mkatoliki wa misheni ya Ediofe, aliyekuja kusaidia kuosha vyombo, alisimama jikoni akatufundisha kwamba bibi harusi wa kweli huvaa nyeupe, ndiyo usafi. Haboba akamwambia nyeupe ni sanda, kila Mwislamu anajua. Mama wa bibi harusi akapita akasema nyekundu ndiyo harusi. Haboba akasema nyekundu tumeiona ya kutosha tangu askari wapite. Wote watatu walikuwa na uhakika. Mimi nilikuwa natwanga manjano, mikono imegeuka rangi mpaka kwenye kucha, na sikuulizwa. Zaidi ya hayo, hakukuwa na nyama. Harusi ya watu mia, viazi, dengu, maandazi ya kila sura, nyama hakuna! Kila mlo haboba aliinua kifuniko cha sufuria akitumaini, akakirudisha kwa masikitiko.

Kilichonikera kuliko vyote ni hiki. Bibi wa duka ndiye aliyemlea bibi harusi, kwa sababu huko Uingereza mama alikuwa akifanya kazi kiwandani mchana kutwa. Ndiye aliyemfundisha kusuka nywele, kupika, kusali. Lakini kwenye kumsugua manjano hakuitwa. Kwenye hina hakuitwa. Mjane asiguse bibi harusi, asije akampa bahati yake. Sahani yake ililetwa chumbani. Nilimuuliza kama haoni uchungu. Akasema mila ni mila, yeye pia aliwafanyia wengine hivyo alipokuwa amevaa nyekundu, na hakuwahi kufikiria. Kisha akaongeza, "Sasa nafikiria."

Mjomba alifika siku ya pili jioni, mwanamume mpole mwenye tumbo, amefunikwa vumbi la njia ya Pakwach, na sanduku lake salama. Asubuhi ya ndoa alimwongoza mpwa wake mpaka uani, kwenye kibanda cha nguzo nne kilichofungwa maua na vitambaa vyekundu. Bwana harusi alikuwa amekwisha kukaribishwa, mama mkwe amekwisha kumshika pua kumkumbusha adabu, na madada wa bibi harusi walikuwa wameiba viatu vyake ili avikomboe kwa pesa, wakanipa mimi niviketie. Bibi harusi alikuwa amevaa panetari mpya, nyeupe na nyekundu, na lazima niseme ukweli, alipendeza. Maharaji, kuhani wao aliyeletwa pamoja na mjomba, alikuwa amemimina samli kwenye moto. Alisema saa njema ni fupi, tusicheleweshe.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka.

Bibi wa duka alitoka akiwa amejifunika ile panetari ya zamani juu ya sari yake nyeupe. Hakuifunga kiunoni, aliitupa mabegani kama shali, na lile tundu akaliweka makusudi begani, mbele, ambapo hakuna mtu angelikosa. Haboba alikuwa kando yake, uso mkavu, mkono kwa mkono. Walipita katikati ya wageni waliovaa dhahabu, wakakaa safu ya kwanza.

Maharaji aliacha kusoma. Wazee wa upande wa bwana harusi wakaanza kunong'ona. Mama wa bibi harusi alikimbia mbio, akasema kwa Kiswahili ili haboba naye apate sehemu yake, na nilimsikia vizuri kwa sababu nilikuwa hapo karibu, juu ya viatu.

"Mama, nyekundu! Wewe mjane!"

"Hii nyeupe," alisema bibi wa duka. "Mlisema mimi navaa nyeupe. Angalia. Nyeupe."

"Iko na nyekundu!"

"Nyekundu iko pembeni tu. Mimi pia iko pembeni."

Sijui kama aliyakusudia yale maneno au Kiswahili chetu ndicho kilichomtolea. Machozi ya hasira yakamtoka mama wa bibi harusi. Akachomoa pini kwenye sari yake mwenyewe, akainama, akaanza kubana kingo za tundu ili angalau lisionekane. Bibi wa duka akangoja amalize, akaitoa pini, akamrudishia mkononi. "Hii iko ya mtoto," alisema. "Mtoto anakaa."

Mjomba alikuwa bado amesimama karibu na mpwa wake. Alimgeukia kuhani. "Maharaji, ile nguo ni nyeupe au nyekundu?"

Maharaji alitazama, kwa muda ambao moto ulihitaji kuongezwa samli mara mbili. "Ni panetari," alisema mwishowe, kama mtu aliyechoka na sisi sote. "Na saa inapita."

Wakaendelea. Walifunga pindo la nguo ya bibi harusi na shali ya bwana harusi, wakauzunguka moto mara nne, na kwenye mzunguko wa mwisho bibi harusi alipita karibu na safu ya kwanza akanyoosha vidole vyake vyenye hina, akagusa miguu ya bibi yake. Mama yake aliona. Alikuwa anajaribu kurudisha pini yake mahali pake. Bibi harusi alipopakwa unga mwekundu wa mke aliyeolewa kwenye njia ya nywele, wanawake wote wakaimba, na haboba, ambaye hakujua hata neno moja, akapiga kigelegele cha Koboko kilichowashtua wazee wa upande wa bwana harusi.

Gauni langu la Idi nilirudishiwa limefuliwa. Panetari ilibaki kwa mwenyewe.

Kwa miaka michache walitembeleana. Kisha barabara ya kwenda Kampala ikawa na waasi, biashara ikalala, na familia ile ikahama tena, ikaenda Kampala, safari hii bila kufukuzwa na mtu. Duka likawa la mwingine, sasa hata jengo lenyewe limebomolewa. Bibi harusi anaishi nchi ambayo siijui. Jirani wa Ediofe ameshazikwa. Nilikwenda upande wa Yei kutafuta kaburi la mdogo wangu nikakuta mihogo, na mwenye shamba alikuwa kijana ambaye hata hakujua kwamba hapo palikuwa na kambi. Na wale wote waliokuwa na uhakika juu ya rangi, waliokuwa tayari kugombana na kulia uani mbele ya wageni kwa ajili ya pindo la nguo, hawapo. Waliniudhi kila siku. Hakuna anayeniudhi vile sasa.

Habari ya kifo cha bibi wa duka ilitufikia Koboko miezi miwili baadaye, kwa mdomo wa dereva. Haboba alikuwa anachambua ufuta. Hakulia. Alinieleza, bila kuinua macho, kitu ambacho rafiki yake alimfundisha zamani, kwamba kwao mwanamke akitangulia kufa kabla ya mumewe huchomwa akiwa amevaa nguo za bibi harusi, lakini mjane huvishwa nyeupe tupu.

Kisha akamuuliza dereva walimvisha rangi gani.

Dereva hakujua. Alisema angeuliza Kampala, na nadhani alisahau. Haboba aliendelea kuuliza kila aliyetoka huko, mpaka naye akaondoka bila kupata jibu. Nimejaribu mimi baada yake. Mtu wa kumuuliza simjui tena.